Neno Alilochagua Mkalimani

Adelard Kamugisha alifika Temeke mwaka wa arobaini na sita akiwa na sanduku la bati, mke, mtoto mmoja wa kiume, na sifa ya kukijua Kiingereza kuliko makarani wenzake wote. Sifa hiyo ndiyo iliyomtoa Bukoba. Dar es Salaam walikuwa wanatafuta mkalimani wa korti, na mkuu wake, ambaye alikuwa amechoka kusahihishwa barua zake na karani wake mwenyewe, hakusita kumwachia.

Kiingereza chake kilikuwa cha vitabuni. Alikipata misheni kwa padri mmoja Mholanzi, mnene, ambaye naye alikipata vitabuni, kwa hiyo maneno mengi Adelard aliyajua kwa macho kabla hajawahi kuyasikia kinywani mwa Mwingereza. Kitabu chao cha kusomea kilikuwa kikuukuu, kimeshonwa upya kwa uzi wa magunia, kimejaa habari za mashamba ya Ulaya na majira ya baridi. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya wanakondoo wameruka juu, miguu yote minne haigusi chini, na chini ya picha neno ambalo hakuna mwanafunzi aliyelijua: "gambol". Padri alijaribu kulieleza kwa Kihaya, akashindwa. Akajaribu Kiswahili, akashindwa. Mwishowe akawatoa nje, akashika pindo za kanzu yake, akaanza kurukaruka majanini, huku na huku, akizunguka kama mtu aliyepagawa, mpaka kofia yake ikaanguka. Wavulana walicheka hadi wakagaagaa.

"Ndiyo hivyo," padri alisema huku akihema. "Si kuruka tu. Ni kuruka kwa sababu umefurahi, basi."

Adelard aliliandika hilo katika daftari lake la maneno. Alilitamka kama lilivyoandikwa, kwa "o" nzito ya Kihaya, na miaka ishirini ikapita hajapata pa kulitumia.

Kortini alijulikana upesi. Wakalimani wengine walichukua maelezo marefu ya shahidi wakayafanya maneno matatu ya Kiingereza, hakimu akaandika, kesi ikaenda. Yeye hakufanya hivyo. Mtu akisema alisukumwa, Adelard alitaka kujua alisukumwa kwa bega au kwa kiganja, maana Kiingereza kina neno la hili na neno la lile. Karani mkuu, Elinaza, Mpare wa makamo aliyekuwa na miaka kumi na minne katika korti ile, alimwonya mara nyingi.

"Kamugisha, hakimu hakuletwa hapa kusikia lugha tamu. Anataka kujua nani kampiga nani."

"Lakini Mzee, neno likikosewa, haki nayo inakosewa."

"Haya," Elinaza alijibu, akarudi kwenye mafaili yake.

Hakimu mwenyewe alikuwa Mwingereza aliyetoka vitani na sikio moja lisilosikia vizuri, naye hakupenda watu walijue jambo hilo. Neno likimpita, hakuuliza. Alikisia, akaandika alichokisia.

Adelard na mkewe Tekla walipanga vyumba viwili katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, karibu na mashamba ya mihogo. Nyumba ya tatu kutoka kwao alikaa Polikarpo, Mmakonde wa Newala, mchonga mpingo. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, asiyesema sana. Kutwa alikaa kibarazani na tezo na patasi zake, vumbi jeusi limemganda mikononi hadi kwenye viwiko. Vinyago vyake vilinunuliwa na Wahindi wa mjini, ambao nao waliwauzia Wazungu wa melini. Mkewe Sesilia na Tekla walikutana bombani kila asubuhi, na Jumapili familia zote mbili zilisali kigango kimoja. Tekla alipojifungua mtoto wa pili, Polikarpo alimchongea kigoda cha kukalia wakati wa kumwogesha mtoto, akakileta mwenyewe, akakiweka mlangoni, akaondoka kabla hajashukuriwa.

Mwaka wa arobaini na tisa, mwezi wa Agosti, watoto wa Kimakonde na Kimakua wa Temeke walitoka jandoni. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Polikarpo. Polikarpo, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye shughuli, alikwenda mara mbili kuomba kibali cha ngoma. Mara ya kwanza alikuta ofisi imefungwa, mara ya pili akaambiwa arudi Jumatatu. Lakini watoto walikuwa wanatoka Jumapili, chakula kimepikwa, na wageni wamekwisha kufika kutoka Mbagala na Keko. Wakacheza. Mzungu mmoja aliyepita na gari aliona vumbi na kusikia kelele, akapeleka habari polisi, na askari aliyetumwa, jina lake Fakihi, akaandika jina la mwenye shughuli na kumwamuru afike kortini Ijumaa.

Alhamisi alasiri Sesilia alikuja kwa akina Adelard, mtoto wake mdogo Mauwa mgongoni.

"Bwana Karani, mie sijui mambo ya korti. Watamfanya nini?"

"Mama Mauwa, usijitie hofu. Ngoma bila kibali ni onyo, au faini ndogo. Na mimi ndiye nitakayesimama pale. Kila atakachosema nitakifikisha."

Sesilia alishukuru akaenda zake.

Ijumaa korti ilikuwa imejaa, na joto limeanza mapema. Kesi ya Polikarpo iliitwa karibu na saa tano. Alisimama kizimbani na shati lake la kanisani, limepigwa pasi, mikono ameishusha kandokando kama mwanafunzi. Fakihi akaapishwa, akaanza kueleza.

"Niliwakuta uwanjani, Bwana, nyuma ya mashamba. Watu wengi, wanaume kwa wanawake. Walikuwa wanarukaruka."

Adelard alifungua mdomo, kisha akasita. Angeweza kusema wanacheza ngoma, lakini ngoma ndiyo hasa iliyokuwa kosa, na Fakihi hakuitaja. Angeweza kutumia neno la kawaida la kuruka, lakini aliliona kavu, kama vile watu wamekanyaga nyoka. Akamtazama Polikarpo na shati lake. Ndipo lilipomjia lile neno la kwenye picha. Alifikiri kwamba hakimu akilisikia ataona watu wasio na hatia, wanaofurahia watoto wao, na moyo wake utalainika. Alifikiri pia, na jambo hili alikuja kulikiri mwenyewe baadaye, kwamba hakimu atashangaa kumsikia Mwafrika analijua neno kama lile.

Akalisema taratibu, kwa sauti.

Kalamu ya hakimu ilisimama. Akainua kichwa.

"Wote?" aliuliza.

"Wote, Bwana," Fakihi alijibu alipotafsiriwa.

"Hadharani? Jumapili, mbele ya watoto?"

"Ndiyo, Bwana. Watoto walikuwa wa mbele kabisa."

Hakimu akamgeukia Polikarpo, akauliza kwa neno lilelile. Adelard alisikia raha ya ajabu moyoni kuona Mwingereza amelipokea neno lake na kulitumia. Akamwambia Polikarpo, "Bwana Hakimu anauliza kama ni kweli mlikuwa mkirukaruka kwa furaha pale uwanjani."

"Kweli," Polikarpo alisema. "Siwezi kukataa. Watoto walikuwa wamerudi."

"Anauliza nani aliyewakusanya watu."

"Mie mwenyewe."

"Anauliza kama hiyo ni desturi yenu."

"Kila mwaka, Bwana. Baba yangu alifanya, na babu yangu. Na hawa watoto tunawafundisha tangu wadogo, wasije wakasahau."

Adelard alitafsiri yote bila kuacha hata neno moja. Alipofika pale pa baba na babu aliongeza uzito kidogo katika sauti yake, ili hakimu aone kwamba hii ni mila ya watu wenye heshima. Uso wa hakimu ulikuwa umeiva. Aliinama akanong'onezana na inspekta aliyeendesha mashtaka, akaandika kwa muda mrefu, kisha akauliza kama mshtakiwa ana la kusema.

"Namwomba Bwana atusamehe kwa makelele," Polikarpo alisema.

Hakimu akatoa hukumu: kifungo cha miezi sita na kazi ngumu.

Adelard alidhani amesikia vibaya. Akamtazama Elinaza, na Elinaza akatazama mezani. Korti nzima ilikuwa inamngoja yeye, kwa sababu hukumu ilikuwa bado iko katika Kiingereza na mfungwa bado hajajua. Alilazimika kuitamka mwenyewe, ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Akaitamka.

Polikarpo hakumtazama hakimu. Alimtazama Adelard.

"Kwa kuruka?" aliuliza.

Swali hilo Adelard hakulitafsiri. Askari akamshika Polikarpo mkono, kesi nyingine ikaitwa.

Jumatatu asubuhi Adelard alikaa kunakili kesi za wiki katika daftari kubwa la korti. Alipofika kwenye ya Polikarpo aliona hakimu ameliandika neno lake vibaya. Mahali pa "o" hapakuwa na kitu. Kwa muda mfupi aliona hata fahari, kwamba mzaliwa wa Uingereza kakosea herufi za lugha yake na yeye, Mhaya, ameliona kosa. Lakini alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akaenda kwenye rafu ya Elinaza, akachukua kamusi, akatafuta.

Alikuta maneno mawili. Yalikuwa ukurasa mmoja, yamepishana mistari michache tu. La pili ni lile alilolijua, la wanakondoo. La kwanza, "gamble", hakuwahi kuliona popote. Mapadri hawakulifundisha, na katika hati za mashtaka alizokuwa amezishika polisi waliandika tu michezo ya bahati. Maana yake ilikuwa kucheza kamari. Na maelezo ya matamshi, aliyoyasoma mara tatu akifuata kwa kidole, yalisema kwamba maneno hayo mawili kinywani mwa Mwingereza ni sauti moja.

Alirudi kwenye daftari akaisoma hukumu upya. Sasa ilikuwa inasomeka. Shtaka la ngoma limegeuzwa kuwa la kamari. Mshtakiwa amekiri kuwakusanya watu wacheze kamari hadharani siku ya Jumapili. Amekiri ni kazi ya ukoo wao tangu babu. Amekiri kuwafundisha watoto wadogo. Hakuonyesha majuto ila kwa makelele.

Elinaza alimkuta amekaa, kalamu imemkaukia mkononi. Adelard akamweleza. Mzee alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya kwenye meza ya karani mwingine.

"Mwezi huu kuna waraka umetoka juu," alisema. "Unahusu kamari. Wanasema imezidi huku pembeni mwa mji, hata watoto wanaingizwa. Yule bwana aliusoma Alhamisi, nilimpelekea mwenyewe. Kwa hiyo ulipotamka vile, akili yake ilikuwa imekwisha kufika huko."

"Nifanye nini, Mzee?"

Elinaza alifikiri. "Ukisema, utakuwa umesema mambo mawili. Kwamba wewe hujui Kiingereza, na kwamba hakimu hasikii. Hilo la kwanza watalikubali bila shida. La pili hawatalikubali hata kidogo." Akainuka. "Mimi sikuambii usiseme. Nakuambia tu kitakachokuwa."

Adelard hakusema. Si kwamba aliamua kunyamaza. Kila siku aliamua kwamba atasema siku inayofuata. Jumanne hakimu alikuwa na kesi nyingi. Ijumaa alikuwa amekasirika tangu asubuhi. Wiki ya pili alikwenda Bagamoyo siku nne. Tekla alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu, na baba yake Adelard kule Bukoba alikuwa amewaambia wazee wenzake kwamba mwanawe ndiye sauti ya serikali Dar es Salaam. Mambo haya yote aliyapanga kichwani kila asubuhi njiani, akiwa amebana daftari kwapani, na alipofika mlangoni mwa korti yalikuwa yamekwisha kuwa hoja kamili.

Tekla ndiye aliyemwuliza. Alikuwa anachambua mchele uani.

"Baba Revelian, Sesilia analia bombani. Anasema mumewe kafungwa kwa kamari, na Polikarpo hajui hata kushika karata. Wewe ulikuwepo. Ilikuwaje?"

Adelard alimweleza mkewe yote, hata lile la kutaka hakimu amshangae. Tekla aliacha kuchambua. Alingoja mpaka mwanamke wa chumba cha pili alipopita na ndoo akaingia ndani.

"Kesho utakwenda kumwambia?"

"Nitakwenda."

Hakwenda kesho yake, wala kesho kutwa. Tekla hakumwuliza tena, ila aliacha kumwandalia maji ya kuoga jioni, Adelard akawa anayachota mwenyewe.

Jumapili ya tatu, watu walipotoka kusali, Sesilia alimfuata pale nje ya kigango. Hakuwa analia. Alikuwa amemshika Mauwa mkono.

"Bwana Karani, nisamehe. Nataka kujua kitu kimoja tu. Yeye alisema nini kule ndani hata wakamfunga? Maana watu wananiambia alikiri mwenyewe."

Nyuma ya Sesilia watu walikuwa wanapeana mikono.

"Ni mambo ya serikali, Mama Mauwa," alisema. "Si rahisi kuyaeleza."

"Ahaa," Sesilia alisema, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa. "Asante, Bwana Karani."

Shukrani hiyo ndiyo iliyomshinda. Jumanne, siku ya ishirini na mbili tangu alipofungua ile kamusi, aligonga mlango wa chumba cha hakimu kabla korti haijaanza, akaingia, akasema.

Hakimu alimsikiliza akiwa amegeuza kichwa upande wa sikio zima. Mwishoni alisukuma karatasi.

"Yaandike."

Adelard akayaandika yote mawili, moja chini ya lingine. Hakimu aliyatazama muda mrefu.

"Nani anatumia neno hili siku hizi?" aliuliza, kidole kwenye la chini.

"Liko kitabuni, Bwana."

"Mimi nimezaliwa kule, nimekulia kule. Sijawahi kumsikia mtu akilisema."

Hakupandisha sauti. Alisema hukumu imekwisha kuandikwa na kusainiwa, hana uwezo wa kuifuta mwenyewe. Ataandika kwa wakubwa, nao wataamua. Akaandika siku hiyohiyo, Elinaza aliiona barua ikitoka. Katika barua hakimu alieleza kwamba mkalimani alitumia neno lisilofaa. Habari ya sikio haikuwemo. Na mkalimani huyo, kuanzia siku hiyo, asisimame tena kortini. Adelard akahamishiwa chumba cha nyuma kuandika leseni za baiskeli.

Yeye hakulalamika. Alihesabu siku. Karatasi zilikwenda mjini, zikakaa, zikarudishwa kuulizwa jambo, zikaenda tena. Baada ya wiki saba amri ikatoka kwamba mfungwa Polikarpo aachiliwe.

Aliachiliwa, lakini hakutoka alivyoingia. Wafungwa wa kazi ngumu walikuwa wanapelekwa kwa lori upande wa Boko kuvunja mawe ya barabara. Siku tisa kabla amri haijafika, jiwe liliteleza kutoka juu ya rundo likaubana mkono wa kulia wa Polikarpo juu ya jiwe jingine. Daktari alikata vidole vitatu. Kidole gumba na cha shahada vilibaki, lakini havikukunjika tena.

Habari hizo Adelard alizipata kwa Elinaza, ambaye alizisoma kwenye barua ya kurudishia mafaili na kumwita ili amwambie kabla hajasikia kwa watu. Siku tisa. Adelard hakuhitaji karatasi kupiga hesabu hiyo. Kama angegonga ule mlango Jumatatu ileile, au wiki ile, au hata ya pili yake, Polikarpo angekuwa kibarazani kwake jiwe lilipoteleza.

Alikwenda kumwona siku ya nne tangu arudi, baada ya kazi, jua bado liko juu. Tekla alitaka kufuatana naye, akakataa. Alimkuta Polikarpo amekaa mahali pake pa siku zote, mkono umefungwa kitambaa cheupe na umewekwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Kipande cha mpingo kilichoanza kutoa uso wa mzee kilikuwa bado kiko pembeni, vumbi limekikalia. Sesilia alileta kiti, akasimama mlangoni.

"Karibu, Bwana Karani. Tunaambiwa ni wewe uliyepeleka maneno mpaka nikatolewa. Nilitaka kuja kukushukuru, ila mkono huu unaniuma nikitembea."

Adelard alikuwa ameyapanga maneno yake njiani, kwa Kiswahili safi. Yote yalimtoka kichwani.

"Usinishukuru," alisema. "Mimi ndiye niliyekufunga." Akaeleza. Alieleza habari ya neno, la kwanza na la pili, na jinsi sauti yake ilivyo moja, akakuta hata kwa Kiswahili jambo lenyewe halina umbo, ni kitu kidogo mno kumfunga mtu.

Polikarpo alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo neno lako," aliuliza, "ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kusema mmefurahi."

"Sasa si tulikuwa tumefurahi?"

"Ndiyo."

"Basi hukusema uongo." Polikarpo alikuwa anamtazama vizuri sasa, kama alivyozoea kuutazama mti kabla hajaugusa. "Na ulijua lini kwamba yule bwana kasikia kamari?"

Adelard alijua kwamba swali hilo litakuja. Njiani alikuwa amefikiri namna ya kulizunguka.

"Jumatatu," alisema. "Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa."

Uani kulikuwa na mtu anatwanga. Polikarpo hakupiga hesabu kwa vidole wala kwa sauti, lakini Adelard aliiona hesabu ikipita usoni mwake, wiki moja, wiki ya pili, mpaka ilipofika mahali pake ikakaa.

Sesilia ndiye aliyesema. "Pale kanisani nilikuuliza," alisema. "Ukanambia mambo ya serikali. Nami nikakushukuru."

"Ndiyo, Mama Mauwa."

Sesilia akaingia ndani. Hakufunga mlango kwa nguvu. Aliurudisha tu.

"Nisamehe," Adelard alisema.

Polikarpo aliuweka sawa mkono wake mapajani. "Nenda nyumbani, Bwana Karani," alisema. "Mkeo atakuwa anakungoja."

Hakusema zaidi ya hapo, siku hiyo wala baadaye. Hakumtangaza Adelard kwa watu, hakumshtaki kwa padri. Walipokutana njiani alimwitikia salamu. Alijaribu kuchonga kwa mkono wa kushoto miezi miwili mitatu; vikatoka vitu ambavyo Mhindi wa mjini alivirudisha. Mwaka uliofuata alimwuzia tezo na patasi zake Mmakonde mwingine aliyehamia kutoka Lindi, akapata kazi ya ulinzi katika shamba la minazi la Mzungu kule Msasani, akawa anatoka alfajiri na kurudi wakati watu wamekwisha kula. Kile kipande cha mpingo Sesilia alikitumia kuegesha mlango.

Adelard aliendelea na leseni za baiskeli. Miaka mitatu baadaye mkalimani aliyekuja badala yake alihamishwa, na hakimu mpya, aliyesikia kwamba kuna karani wa chumba cha nyuma mwenye Kiingereza kizuri, alimwita akamwomba arudi kortini. Mshahara ungeongezeka, na Tekla alikuwa na watoto wanne wa kulisha. Adelard alisema ahsante, akasema koo lake ni bovu. Hakimu akadhani ni kifua, akamwandikia cheti cha kwenda hospitali, naye akakichukua, akakikunja, akakaa nacho mfukoni mpaka kikachanika.

Tekla hakumlaumu kwa hilo. Walikuwa wamezoea kuishi bila kuulizana mengi. Bombani yeye na Sesilia walisalimiana, kila mmoja akatega ndoo yake, wakaondoka kwa njia mbili.

Mwaka wa hamsini na nne akina Polikarpo walihama. Adelard hakuwaona wakiondoka. Alirudi kazini siku moja akakuta mlango uko wazi na fundi cherehani Mzaramo anaingiza meza yake pale kibarazani, anapiga chaki ukutani kupima mahali pa kuweka mashine. Watu walisema wamerudi Newala. Wengine wakasema hapana, wako Mikocheni, Polikarpo kapewa kibanda na mwajiri wake. Hakuna aliyejua vizuri, na Adelard hakuwa na haki ya kuuliza sana.

Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi. Alimsalimu, akajitambulisha, akamwuliza kama yeye ni mwenyeji wa siku nyingi hapa.

"Miaka minane," Adelard alisema.

"Basi unawajua waliokaa hapa. Walikuwa watu gani? Maana nyumba ya watu wabaya siipendi."

"Walikuwa watu wazuri."

"Mlikuwa marafiki?"

Adelard aliangalia sakafu ya kibaraza. Ilikuwa imefagiliwa, lakini katika nyufa za udongo bado kulikuwa na vumbi jeusi ambalo ufagio haukulifikia.

"Nilimfahamu kidogo," alisema, akamtakia fundi kazi njema, akaenda kwake.